Kidole cha Paskazia

18 Novemba
Nimefika Lusu mchana, jua kali, wingu moja tu upande wa Igunga. Basi hadi Nzega mjini, kisha bodaboda mbili: moja yangu, moja ya masanduku ya vishikwambi. Baba aliyafunga jana nyumbani, Isevya, Tabora mjini, kwa mpira wa baiskeli, fundo juu ya fundo, kama anavyofunga kila kitu kinachotoka kwenye kibanda chake cha ufundi. Kuyafungua kumenichukua muda mrefu kuliko safari ya bodaboda.

Kituo cha kujifunzia ni ghala la zamani la pamba. Harufu ya magunia bado imo. Nimejaribu sola, betri na taa. Vyote vinafanya kazi.

Nimepanga chumba kwa Mzee Bundala, aliyekuwa mlinzi wa ghala hilo enzi za pamba. Alikichukua kishikwambi kimoja akakitazama mbele na nyuma.

"Kwa hiyo watu watajifunza kusoma bila mwalimu."

"Ndiyo, mzee. Sauti imo humo ndani."

"Na fimbo imo?"

"Haimo."

"Basi hawatajua kitu," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili, kama yai.

19 Novemba
Nimefagia, nimepanga mikeka. Nimeandika masharti ya kituo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila na kuyabandika ukutani karibu na mlango, ili kila anayeingia ayaone:

1. Kila mwanafunzi atumie picha yake tu.
2. Mikono iwe safi na mikavu.
3. Kila mtu ajibu mwenyewe.
4. Msimamizi hafundishi.

La nne ndilo alilonisisitizia Bwana Festo, mratibu wa mradi wetu Tabora mjini. Wanataka kujua kama mtu mzima asiyeijua hata herufi moja anaweza kujifunza kusoma na kishikwambi peke yake. Nikimwambia mtu "hii ni ba," jaribio limeharibika. Kazi yangu ni kufungua mlango, kuchaji, kutunza na kunyamaza. Kunyamaza naweza. Mama husema nilizaliwa nimenyamaza.

21 Novemba
Siku ya kwanza. Wamekuja wanawake kumi na wanne, wote wa kikundi kimoja cha kupanda mpunga. Kiongozi wao ni Benedikta, mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe. Wanaume wamesema wataangalia kwanza.

Kwa kuwa hawajui kuandika majina, kila mmoja anachagua picha ya kuingilia, nami humfungulia kwa picha hiyo. Benedikta kachukua jogoo. Julieth, aliye mdogo kuliko wote, kachukua pikipiki. Mama mmoja wa makamo, Paskazia, alizipitia picha zote taratibu kisha akachagua kinu. "Huyu namfahamu," alisema.

Sauti iliyomo ni ya mwanamke. Ikasema, "Habari!" Paskazia akajibu, "Nzuri, mwanangu," akatulia akisubiri shikamoo. Sauti ikasema, "Gusa picha ya mbuzi."

"Hana adabu huyu," Paskazia akasema. "Lakini tumvumilie, huenda kwao ndivyo walivyo."

Walicheka mpaka nikaogopa watadondosha vishikwambi. Kabla ya kuondoka walikuwa wameshampa jina: Shangazi. Benedikta anasema shangazi ndiye anayejua kila kitu na hachoki kukurudia.

25 Novemba
Joto. Wamekuja wote.

28 Novemba
Wameanza kuuliza. Benedikta aliniletea kishikwambi chake: "Binti, hapa Shangazi anatakaje?" Nikamwonyesha ukutani, yalipo masharti. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye mkeka. Nadhani ameelewa.

Baadaye Julieth naye aliuliza. Nikaonyesha ukuta tena.

2 Desemba
Mvua kubwa tangu alfajiri. Hakuna aliyekuja.

3 Desemba
Hakuna aliyekuja. Mzee Bundala anasema nisahau. Msimu umeanza na kila mtu yuko shambani. Nimefuta vumbi vishikwambi ambavyo havina vumbi.

6 Desemba
Wamerudi, wote kwa pamoja, saa kumi jioni, matope mpaka magotini. Benedikta alisema, hakuniuliza: "Tutakuja saa hizi, tukitoka kwenye vitalu." Nimeweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Wananawa, wanajifuta kwa vitenge mpaka mikono inakauka, kisha wanakaa. Sharti la pili wanalifuata bila kukumbushwa.

12 Desemba
Mvua kidogo jioni. Naandika kuhusu Paskazia maana nimemwangalia wiki nzima.

Wenzake wamevuka silabi za kwanza na wako mbele sana. Yeye bado yuko kwenye somo la tatu. Shangazi anasema "Gusa ma," yeye anaweka kidole kwenye kioo, anabonyeza kwa nguvu kama anayeponda mdudu, na Shangazi anasema, "Jaribu tena." Anajaribu tena. "Jaribu tena." Nikiwa mlangoni siioni vizuri herufi anayoigusa, na hata ningeiona nisingesema. Anatumia siku nzima ya somo kwa kitu ambacho Julieth anakimaliza akipiga miayo.

Wakati wa kunawa nilimwuliza kwa nini anataka kusoma. Akaninyooshea dole gumba.

"Hili nimelichoka. Kila mkutano, Paskazia, lete dole. Wanalishika wanalipaka wino kama wanapiga chapa ng'ombe. Na wino wenyewe ukitoka ni doa tu. Nataka nichukue kalamu nami niandike."

Kisha akasema, kwa kicheko ambacho hakikufika mbali: "Ila mashine na mimi hatupatani. Hata nilipokwenda kusajili laini ya simu, kile kimashine cha vidole kilinikataa. Mikono yote miwili. Laini yangu ina jina la mwanangu. Mimi nikipiga simu, anayepiga ni Fikiri."

19 Desemba
Nimegundua kitu na sijakipenda.

Wote kumi na watatu wamesimama mahali pamoja, somo la kumi. Nilidhani wamekwama. Leo nilimwona Julieth anamaliza somo, mshale wa kwenda mbele ukatokea, naye akakiweka kishikwambi mapajani na kuanza kusuka ukili. Na mwenzake wa pembeni vilevile. Nikamwuliza Benedikta wanangoja nini.

"Tunamngoja Paskazia."

"Lakini mama, kila kishikwambi ni cha mtu mmoja. Hakuna anayemchelewesha mwingine."

"Binti, umewahi kupanda mpunga?"

Nikasema hapana.

"Kwenye jaruba tunasimama mstari mmoja, tunarudi nyuma pamoja. Ukimwacha mmoja, anabaki katikati ya mpunga uliopandwa, akitoka anaukanyaga. Kwa hiyo hatumwachi."

"Huku hakuna mpunga wa kukanyaga."

"Ndiyo," akasema, akaendelea kukaa.

Niliandika ripoti ya wiki na sikujua niiweke wapi habari hii. Fomu haina nafasi ya watu wanaosubiri.

26 Desemba
Jana Paskazia alinitumia wali na kuku wa Krismasi. Aliyeleta alitangaza tangu uani: "Ameniambia nikuambie kuku kachinjwa na Sabiri wa dukani, Mwislamu mwenzako, ule bila wasiwasi." Nimekula bila wasiwasi. Mchele wa huku una harufu ambayo ule wa sokoni Tabora umeshaipoteza njiani.

8 Januari
Bwana Festo amepiga simu. Ofisini wanaona kwenye kompyuta maendeleo ya kila kituo. Vituo vingine mstari unapanda. "Wa Lusu umelala, Najiat. Umelala tangu kabla ya Krismasi. Ama hawajifunzi, ama kuna mchezo." Nikamweleza kuwa wanangojana. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema anaelewa, lakini kuna kata nyingine wanaviomba vishikwambi hivihivi. Mtihani wa hatua ya kwanza ni katikati ya Machi. Robo tatu ya wanafunzi wasipofaulu, vitahamishwa kabla ya mavuno.

Nimeiandika tarehe ukurasa wa nyuma wa daftari.

11 Januari
Nimemwita Julieth pembeni. Nikamwambia vishikwambi vitaondoka na yeye ana akili nyepesi, asijizuie. Sikumfundisha chochote, nilimwambia tu abonyeze mshale. Amebonyeza. Amevuka masomo matatu kwa mkupuo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayekula peke yake mbele ya watu.

13 Januari
Paskazia hakuja. Julieth amekaa pembeni ya mkeka. Hakuna aliyemsema.

15 Januari
Paskazia hakuja. Nikamwuliza Benedikta.

"Kasema anatupotezea muda. Kasema Julieth ameonyesha njia."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

17 Januari
Leo nina mengi, na mkono unauma, kwa hiyo nitaandika polepole.

Leo Ijumaa sikufungua kituo. Nilikwenda majarubani kumtafuta Paskazia. Wanawake walikuwa mstarini, wameinama, maji mpaka katikati ya miundi, kila mmoja na kicha cha miche. Paskazia alikuwa katikati ya mstari, na nilisimama kwenye tuta nikamtazama kwa muda mrefu bila kumwita. Kule hakuwa wa mwisho. Mkono wake ulikuwa unazama na kutoka, unazama na kutoka, mche baada ya mche, wala hatazami. Julieth, pembeni yake, ndiye aliyekuwa anachelewa, na Paskazia kila baada ya muda alikuwa anachomeka miche michache upande wa Julieth ili mstari usipinde. Hakuinua hata kichwa.

"Umekuja kutuhesabu?" Benedikta akaita.

"Nimekuja kumwona Mama Paskazia."

"Basi ingia. Huku hatuongei na watu walio juu."

Nilivua viatu, nikakunja gauni, nikaingia. Sitaandika nilivyopanda. Watoto waliokuwa wanaleta miche walikaa kitako kutazama. Paskazia alinisogezea miche, akanionyesha kwa vidole: mitatu, chomeka, usifukie sana. Miche yangu ilikuwa inaelea nyuma yangu na yeye anaiokota. Nilimwomba arudi kituoni. Akasema, "Mwanangu, nimekataliwa na vingi, sitakufa kwa hili." Tukaendelea kurudi nyuma.

Jua lilipokuwa kichwani simu yangu iliita kifuani. Mama, kutoka Isevya. Nilijifuta mkono kwenye gauni, nikatelezesha kidole kwenye kioo nipokee. Haikupokea. Nikatelezesha tena. Kidole kilikuwa kimesinyaa kwa maji na tope limejaa kwenye mistari yake. Nikabonyeza kwa nguvu. Simu ikaendelea kuita mpaka ikakata.

Paskazia alikuwa ameinua kichwa, anaangalia. Akaanza kucheka.

"Na wewe imekukataa," akasema. "Karibu kwetu."

Nilisimama na simu mkononi. Nikamwomba anipe mkono. Nikaugeuza. Ncha za vidole ni ngumu kama ukwaju mkavu, zimesuguka tupu, zimepasuka pembeni. Hakuna mstari hata mmoja. Miaka yote ya jaruba na jembe na kinu. Kile kimashine cha kusajili laini hakikuwa kimeona mtu. Na kishikwambi hakikuwa kimeona kidole.

Si kwamba alikuwa anakosea. Masomo mawili ya mwanzo aliyavuka kwa jasho la Novemba; tangu waanze kukausha mikono alikuwa hajajibu kamwe, na Shangazi husema "Jaribu tena" kwa aliyekosea na kwa aliyenyamaza vilevile.

"Mama, njoo kesho," nikamwambia. "Tafadhali. Si kwa ajili ya kusoma. Njoo nijaribu kitu."

"Kitu gani?"

"Vidole."

Benedikta, mbali kule mwisho wa mstari, akasema, "Amechukua muda, lakini ameongea."

18 Januari
Amekuja. Nimefunga mlango wa kituo kabla ya wengine kufika ili asione haya.

Nilijiuliza kama navunja sharti. Nimeyasoma tena yote manne. Yanasema nisifundishe. Kuhusu vidole hayasemi.

Tulijaribu ncha ya kila kidole, mkono wa kulia na wa kushoto. "Jaribu tena." Tulipaka mafuta ya nazi, kioo kikachafuka, hakuna kitu. Tulilowesha kidole kwa kitambaa, kinyume cha sharti la pili. Ikakubali mara moja, ikakataa mara nne. Tulijaribu kidole kidogo, kwa ubavu. Paskazia akachoka, akasema bora ajaribu pua, na kweli akainamisha pua, na Shangazi akasema, "Vizuri sana!" Tulicheka mpaka nikalazimika kukaa chini.

"Nitasoma kama kuku anavyodonoa," akasema, akifuta machozi.

Kisha akakunja kidole cha shahada, akagonga kioo kwa kifundo, kwa hasira ya utani tu, kama unavyogonga mlango wa mtu aliyekuona ukija akajifungia. Ko.

"Vizuri sana!"

Tukatazamana. Akagonga tena. Kifundo hakishiki jembe. Ngozi ya hapo bado ni laini. Shangazi akauliza ma, akagonga ma. Akauliza sa, akagonga sa. Akauliza ba, da, la. Hakukosea hata moja. Wiki zote zile alikuwa anazijua. Alikuwa amekaa na jibu mkononi kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba ya kiziwi.

Wenzake walipofika walimkuta kwenye somo la saba. Hakuna aliyeshangilia. Julieth aliondoka pembeni ya mkeka akaja kukaa karibu naye, na Paskazia akamsogezea nafasi bila kugeuza uso.

25 Januari
Mvua nzuri. Ghala lote sasa lina sauti ya ko, ko. Benedikta naye amehamia kwenye kifundo, anasema kidole chake kilikuwa kinasumbua pia lakini aliona aibu kusema. Paskazia amewafikia. Mstari umebonyeza mshale kwa pamoja.

2 Februari
Bwana Festo amepiga simu, sauti si ile ya kawaida.

"Najiat, mstari wako ulilala zaidi ya mwezi. Sasa umeinuka ghafla, watu wote, siku moja. Niambie ukweli. Umewafundisha?"

"Hapana."

"Unaapa?"

"Sikuwafundisha. Ilikuwa ni vidole."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema anataka kuniamini, lakini mezani kwake kuna mchoro tu. Mtihani atausimamia yeye mwenyewe, na mimi nitakaa mlangoni bila neno. Nimekubali. Kilichoniuma si hofu ya kufukuzwa. Sijawahi kuitwa mwongo kwa upole namna ile.

9 Februari
Maneno mafupi sasa. Mama. Saa. Maji. Paskazia alisoma "kinu" chini ya picha yake mwenyewe. Akasema, "Kumbe ilikuwa imeandikwa siku zote."

16 Februari
Mvua. Hakuna umeme wa kutosha, vishikwambi saba tu vimechajiwa. Wamekaa wawiliwawili lakini kila mmoja na picha yake.

24 Februari
Mvua.

2 Machi
Funga ya kwanza. Nimefuturu kwa uji wa ulezi ambao Mzee Bundala, Mlutheri, amenipikia mwenyewe na kuuunguza. Ameniuliza kama ni kweli yule Paskazia anasoma. Nikasema anasoma maneno. Akafikiri. "Bila fimbo," akasema.

20 Machi
Mtihani.

Bwana Festo alifika na pikipiki ya ofisi, suruali imeloa. Ni mtu mwembamba, mwenye adabu. Aliwaamkia wanawake wakubwa mmoja mmoja na wakampenda papo hapo. Nilikaa kwenye kiti mlangoni. Saumu ilikuwa imenikausha koo, kwa hiyo kunyamaza hakukuwa kazi.

Wanawake walinawa, wakajifuta, wakakaa mstari mmoja ukutani, Benedikta mwisho kabisa. Kwenye pembe ya kioo kuna jua dogo linaloshuka taratibu. Likizama, muda umekwisha. Anayemaliza lazima aguse alama ya kijani kabla jua halijazama. Asipogusa, inahesabika hakumaliza. Sauti ya Shangazi iliyaeleza haya mara mbili.

Wakaanza. Ko, ko, ko. Bwana Festo alipita nyuma yao, mikono mgongoni, akaangalia kifundo cha Paskazia kikishuka na kupanda. Alisimama hapo muda mrefu kuliko kwa wengine.

Jua lilipofika nusu, Julieth alimaliza. Niliiona alama ya kijani ikiwaka kwenye kioo chake. Hakuigusa. Aliweka mikono mapajani. Akamaliza wa pili, akaweka mikono mapajani. Wa tatu. Wa tano. Ghala likaanza kuwa kimya.

Bwana Festo akanijia, akanong'ona: "Mbona hawagusi?"

Nikamwonyesha mdomo wangu. Yeye ndiye aliyenikataza kusema.

"Sema."

"Wanangojana."

"Hata leo?"

Nikaangalia mstari. Sasa zilikuwa zinasikika ko za watu wanne, kisha watatu. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukingo. Nilitaka kupiga kelele: guseni, kila mtu aguse chake, tutajadili mstari baadaye. Miezi miwili iliyopita ningepiga. Niliikamata mbao ya kiti nikakaa.

Ikabaki ko moja. Ya Paskazia. Alikuwa kwenye sentensi ya mwisho, ile ndefu. Midomo yake ilikuwa inatembea. Aligonga, akasubiri, akagonga. Alama ya kijani ikawaka.

Akainua kichwa. Julieth akagusa. Aliyefuata akagusa. Ilipita kwenye mstari mtu kwa mtu, haraka, kama kicha cha miche kinavyopitishwa, na Paskazia akagonga chake kwa kifundo, na ikaendelea mpaka mwisho, kwa Benedikta.

Kiongozi hutoka jarubani wa mwisho. Benedikta aliangalia kushoto kwake, akahakikisha kila mmoja amegusa, ndipo akainamisha kichwa kwenye kioo chake. Jua lilikuwa limezama.

"Kimelala," akasema.

Bwana Festo alipiga magoti kwenye mkeka karibu naye. Alikitazama kishikwambi, akajaribu hiki na kile. Haikuwezekana. "Mama," akasema, "ulikuwa umemaliza?"

"Nilimaliza baada ya Julieth."

"Kwa nini hukugusa?"

"Wenzangu walikuwa bado ndani."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba. Alipokuwa anavaa koti Bwana Festo aliniambia, bila kunitazama, "Ile habari ya vidole niiandikie vizuri. Na hii ya kusema 'jaribu tena' mtu asipogusa. Wanaotengeneza wanapaswa kuijua."

"Sawa."

"Na unisamehe."

28 Machi
Majibu. Wamefaulu kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Paskazia yumo, wa nne kwa alama. Benedikta kahesabiwa hakumaliza. Vishikwambi vinabaki Lusu mpaka mwakani.

Niliwasomea majina. Nilipofika mwisho bila jina la Benedikta, nilishindwa kuinua macho. Yeye akasema, "Si umeambiwa wanaume wanataka kuanza? Basi nitaanza nao. Watahitaji mtu wa kuwapanga mstari."

1 Aprili
Idi, Isevya. Mama kanipikia biriani, Baba kaniuliza mambo mawili: kama kazi ipo na kama mipira yake ya baiskeli ilifika salama. Yote nimesema ndiyo. Mama alishika mikono yangu, akasema imeharibika. Sikuweza kumweleza kwa nini nimefurahi.

26 Aprili
Mpunga umeiva. Kituo kiko wazi jioni tu. Leo alikuja Paskazia peke yake, shingo imejaa makapi, akiwahi kabla ya wengine. Nilikuwa nachaji. Nikamsikia nyuma yangu, kwenye mlango, sauti ya chini.

"M... si... ma... mi... zi."

Nikageuka. Alikuwa amesimama mbele ya karatasi yangu ya manila, kifundo cha kidole kwenye neno la kwanza la mstari wa chini.

"Msimamizi. Ha... fu... ndi... shi."

Akarudia yote kwa pamoja. Kisha akanigeukia, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Wewe," akasema. "Kumbe ulikatazwa?"

"Ndiyo, mama. Tangu siku ya kwanza."

"Na ndiyo maana tukikuuliza unatuonyesha ukuta."

"Nilidhani mmeelewa."

"Tumeelewa nini? Benedikta aliniambia: huyu binti wa mjini anatuambia tukaongee na ukuta. Tukasema ana maringo. Tukasema tumvumilie, huenda kwao ndivyo walivyo." Alishika kiuno akacheka, akaegemea ukuta, akacheka tena. "Umewabandikia maandishi watu wasiojua kusoma, halafu ukakaa kwenye kiti ukingoja wasome."

Nikasema ilichukua muda, lakini amesoma.

Nikavuta kiti ili niibandue karatasi. Masika yameshaipindisha pembe, na lile sharti la mikono mikavu nimelivunja mwenyewe. Paskazia akanizuia kwa kiganja.

"Iache. Nimeanza na la chini kwa sababu ndilo fupi. Bado matatu."

Akakunja kidole, akakiweka juu kabisa, kwenye neno la kwanza.